Mlango wa Mkwe

Msalaba wa chaki ulichorwa katikati ya mlango wa Prisca, mkubwa, mweupe, kazi ya mtu asiyeona haya kuchafua nyumba ya wenzake. Prisca aliukuta aliporudi kutoka shambani Talatala, jembe begani, matope ya mpunga yamemkaukia miguuni. Akautazama mlango wa wakwe zake, upande wa pili wa nyumba ileile. Huo haukuwa na alama.

“Ni watu wa kamati ya mji,” alisema mama mkwe wake, Tusekile, aliyekuwa akimenya ndizi uani. “Wanahesabu milango inayotazama barabara. Nyumba ya mlango mmoja ni makazi. Ya miwili, wanasema ni ya kupangisha, nayo italipa kodi ya biashara.”

“Mama, hapa nani kampangishia nani?”

“Nimewauliza. Wakacheka.”

Nyumba ilikuwa moja, ila ndani iligawanywa na ukuta usio na upenyo. Mzee Aliko, baba mkwe, aliujenga ukuta huo na kuutoboa mlango wa pili kwa mikono yake, juma lile mwanawe Yohana alipooa. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapiti kizingiti kimoja. Mzee hakukatiza uani bila kukohoa kwanza, ili Prisca ajifunike khanga na kupisha. Yohana alipofariki na kuzikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, watu walidhani mjane atarudi kwao Mwaya. Hakurudi. Mlango ulikuwa wake, na kikohozi kile kilimwambia kila asubuhi kwamba yeye bado ni mtu wa pale.

Sasa alitakiwa achague. Kodi ya biashara ingemeza mpunga wao wa msimu mzima, na asiyelipa nyumba yake ingepigwa mnada. Njia ya kuikwepa ilikuwa moja tu, kuziba mlango. Ukizibwa wa Prisca, yeye hana pa kupita ila ukuta utobolewe apitie kwa mkwe wake, na hapo hapiti. Angefunga virago.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ushirika, ambalo halikuwa limeona gunia la mpunga tangu biashara iachwe huria na wanunuzi wa malori kuruhusiwa kwenda hadi mashambani. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Aliyekuwa na fedha aliitwa mwekezaji, na aliyekuwa hana aliambiwa ajiongeze. Bwana Godwin, mwenyekiti wa kamati, alivaa suti ya mtumba iliyompwaya mabegani na kusema kwa sauti tamu.

“Ndugu zangu, vyumba ni haba. Walimu wanalala ofisini, wachuuzi wa kutoka Malawi wanalala barazani. Tukimsamehe kodi mwekezaji wa nyumba, atajenga. Akijenga, vyumba vitajaa na bei itashuka. Wakati huohuo, wanaopangisha kimyakimya nao wachangie. Kosa liko wapi?”

Mbele kabisa Lameck, mwenye malori, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Jengo lake kando ya barabara ya Itungi lilikuwa limefika kwenye renta ya madirisha, vyumba vimepangana hata mtu achoke kuvihesabu, na lote lilikuwa limesamehewa kodi.

“Kosa nitakuonyesha mimi,” alisema Hellen, muuguzi wa zahanati. “Mwenye nyumba wangu amekwisha kuniambia kodi hiyo ataitoa mfukoni mwangu. Na jengo la Bwana Lameck ni gesti. Huko nitapanga chumba, au nitalala usiku mmoja na kuaga?”

Watu waliangua kicheko. Lameck alijifanya hakusikia. Godwin akasema hayo ni mambo ya mpito, na soko litajirekebisha lenyewe. Prisca, aliyekaa nyuma kabisa, alipandwa na hasira. Soko lilikuwa limekwisha kujirekebisha kwenye mpunga wake, na yeye alijua lilivyomwacha. Kabla hajajizuia alikuwa amesimama.

“Mama, njoo mbele usikike,” alisema Godwin.

Prisca aliganda. Mbele, kando ya njia pekee katikati ya mabenchi, alikuwa amekaa Mzee Aliko kwenye kiti chake cha kukunja. Godwin aliliona hilo. Alizaliwa huku huku, alijua vizuri kwa nini yule mwanamke hasogei, na bado akatabasamu. “Kama huna la kusema, tuendelee.”

Ndipo mzee alipokohoa. Aliinuka polepole, akakigeuza kiti kikatazama ukuta, akakaa, akavuta koti lake hadi juu ya kichwa. Vijana wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza walipoona wazee hawacheki. Prisca alijitanda khanga, akainama, akapita.

“Mimi ndiye huyo mpangaji,” alisema. “Mlango wangu mmeuchora msalaba. Sijawahi kutoa kodi ya pango, kwa sababu mwenye nyumba alinipokea kama mtoto wake. Mlango ule ni heshima yake kwangu. Leo mnautoza, na aliyejenga gesti mnamwambia asante! Bwana Godwin, mkeo akija kwa baba yako, hupita mlango gani?”

Ghala lote lililipuka kwa vigelegele vya wanawake. Godwin aliangalia viatu vyake. Alipoinua uso, tabasamu lilikuwa limekwisha.

“Mila ni kitu kizuri, dada yangu,” alisema. “Lakini maendeleo hayana mkwe. Tupige kura.”

Waliokuwa na viwanja vya kujenga walinyoosha mikono haraka. Waliokuwa wamekopa mbolea kwao walinyoosha taratibu, macho chini. Mikono ilitosha. Hellen alitoka nje kabla matokeo hayajatangazwa, akaubamiza mlango wa bati hata vumbi likaanguka kutoka darini.

Kesho yake Prisca aliamkia shambani kama kawaida, lakini alichofanya huko hakukikumbuka. Alipanga safari ya Mwaya kichwani. Godoro angelibeba nani? Na kaburi la Yohana nani angelipalilia? Alipokaribia nyumbani jua lilikuwa bado juu, na mbele ya nyumba aliona rundo la udongo uliokandwa na ndoo ya maji. Kwa hiyo wamekwisha kuuziba. Hawakuweza hata kumngoja arudi.

Lakini mlango wake ulikuwa wazi, na chaki imefutwa kwa kitambaa kibichi. Uliozibwa ulikuwa ule mwingine. Matofali yalikuwa yamepangwa toka kizingitini hadi juu, kwa mpangilio nadhifu wa mtu aliyejua kazi. Kwenye kibanda cha jiko aliona kitanda cha wazee kimeingizwa ubavu ubavu, na sufuria zimetolewa nje. Tusekile alikaa kwenye kigoda akifuta macho kwa upindo wa kitenge.

“Mzee amesema tuwaachie mlango mmoja wanaoutaka,” alisema. “Amesema wewe bado una safari. Yeye hana safari tena.”

Hasira aliyokuwa nayo Prisca jana ghalani ilikuwa ndogo mbele ya hii. Mzee aliyejenga nyumba alale na majivu, ili Lameck alale amesamehewa! Alitupa jembe, akauendea ule ukuta mpya, akaingiza vidole kwenye udongo uliokuwa bado mbichi, akavuta tofali la juu. Likatoka.

“Mwanangu, kamati watakuja,” alisema Tusekile.

“Waje na chaki yao. Milango yetu ni miwili.”

Alitoa la pili, na la tatu, akiyaweka chini moja moja. Kisha pembeni mwa nyumba, upande wa migomba, akasikia kikohozi. Mkono wake ulikwenda kwenye khanga kwa mazoea, akajifunika kichwa, lakini hakupisha. Aligeuka ukutani na kuendelea kuvuta. Kikohozi kikaja tena, karibu zaidi, kikanyamaza.

Nyuma yake alisikia kigoda kikiburuzwa. Mzee aliketi, mgongo ukiwa umemwelekea Prisca, akaokota tofali la kwanza, akaanza kulikwangua udongo kwa panga.