Mashine ya Mama Tepu

Mkuu wa benki ya damu hakuwa mtu wa kushuka ngazi ovyo. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, Fundi alipomwona amesimama mlangoni pa chumba cha kompyuta, anatweta, miwani imemshukia puani, alijua kuna jambo.

"Fundi, lile dude la stoo bado linawaka?"

Hospitali nzima ilimwita Fundi, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, msimamizi wa kompyuta zote mia na ishirini za pale. Yeye ndiye aliyefungulia watu akaunti, aliyewapa ruhusa na kuwanyima, na aliyelaumiwa kila mashine ya kuchapa ilipogoma.

"Sijaligusa miaka saba," alijibu. "Kuna nini?"

Mambo yalikuwa hivi. Wodi ya wazazi ilikuwa na mwalimu wa chekechea, mja mzito, aliyepangiwa upasuaji Ijumaa. Damu yake ilikuwa ya aina adimu, ile ambayo unaweza kuupima uwanja wa mpira uliojaa pomoni usimpate hata mmoja wa kufanana naye. Madaktari hawakuthubutu kumfungua bila chupa mbili za damu hiyo kuwa tayari. Zamani hospitali ilikuwa na orodha ya wachangiaji wa damu za namna hiyo, majina na simu zao. Orodha ilikuwa ndani ya mashine ya zamani. Mfumo mpya ulipoletwa, orodha haikuhamishwa. Kila mtu alidhani mwenzake ameihamisha.

Walishuka stoo wote wawili. Mashine ilikuwa nyuma ya vitanda vibovu, kubwa kama jokofu dogo, rangi yake imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Fundi aliifuta vumbi, akaichomeka, akabonyeza. Ikanguruma, ikakohoa, ikaanza kumwaga mistari myeupe juu ya kioo cheusi. Mkuu wa benki ya damu akapiga makofi. Kisha mistari ikasimama. Mashine ilisema kwamba diski yake ina hitilafu, na kwamba haiendi mbele mpaka ipewe nenosiri la msimamizi.

Fundi alijaribu nenosiri hili na lile. Ikamkatalia. Akajaribu mengine sita. Wapi!

"Sasa nani analijua?" aliuliza mkuu, halafu akajikumbusha mwenyewe. "Si mama mkwe wako?"

Fundi alizima mashine, akajipangusa mikono kwenye sketi.

Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa msimamizi kabla yake. Alifanya kazi na kompyuta miaka arobaini na mitano, na kwa sababu alianza zama za mikanda mikubwa ya tepu, jina la Mama Tepu lilimganda mpaka leo. Alistaafu mwaka ule ule mfumo mpya ulipofungwa. Fundi, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na hata uchumba ulikuwa haujatangazwa, alisimama kikaoni mbele ya wakubwa akasema lile dude ni takataka, litupwe. Mama Tepu alikuwa amekaa safu ya nyuma.

Hawakuwahi kugombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Kwa miaka saba walisalimiana vizuri, wakaulizana hali, wakapeana zawadi. Lakini Fundi akitaja kazi tu, mama mkwe aliinuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

"Kampeni ya kuogopa wakwe ianze kesho," alisema mumewe kwenye simu alipoelezwa. "Leo nenda. Mama haumi."

"Hakunizaa mimi. Alikuzaa wewe."

Alienda mchana ule ule, roho juu juu. Alimkuta Mama Tepu uani, amefunga kitambaa kichwani, anapaka rangi kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi? Kuna mgonjwa?"

"Yupo, ila si wa kwetu."

Fundi alimweleza yote bila kuficha: mwalimu, damu, Ijumaa, kioo cheusi. Mama Tepu alisikiliza huku brashi ikidondosha rangi mguuni pake.

"Na lingine, Mama," Fundi akajikaza. "Siku ile kikaoni nilisema vibaya. Nimechelewa kukuomba radhi, lakini naomba."

"Uliiita takataka."

"Niliiita."

"Hilo halikuniuma sana. Hata mimi nimeshaipiga teke." Mama Tepu aliweka brashi chini. "Kilichoniuma ni kwamba mliizima na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ndani mna nini. Nilikaa pale safu ya nyuma, ningewaambia."

"Nakuuliza leo. Nenosiri ni lipi?"

Mama mkwe alitazama pembeni. Kwa mara ya kwanza Fundi aliona jinsi alivyozeeka.

"Silikumbuki," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nalibadilisha kila miezi mitatu, kama inavyotakiwa. La mwisho limenitoka kabisa. Miaka yote hii naogopa siku mtakayokuja kuniuliza, mjue bibi kizee ameisha."

Lakini Mama Tepu alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa kichwani.

"Nenosiri sina. Ila ile mashine naijua namna ya kuiingia. Ngoja nivae viatu."

Walipofika stoo, Mama Tepu aliiwekea mashine kiganja juu, kama mtu anayepima homa. Fundi akanyoosha mkono kuibonyeza.

"Wewe!" mama mkwe alimdaka mkono. "Mara ya mwisho ulifanya nini?"

"Niliiwasha, ikakwama, nikaizima."

"Basi ushukuru Mungu. Diski imeshasema inaumwa, halafu unataka kuikimbiza tena? Ukiiwasha ikianza kujitengeneza yenyewe inaweza kufuta hata kilichobaki. Kwanza nakala. Hugusi kitu mpaka kuna nakala. Mnafundishwa nini huko vyuoni?"

"Hilo hilo, Mama," Fundi alisema, amejiona mdogo. "Tunalisahau tukiwa na haraka."

Hapo ndipo zamu yake ilipofika. Alichomoa ile diski, nzito kama tofali, akatafuta waya wa kuiunganisha na kompyuta yake ya mkononi. Alikuwa na programu moja aliyoiamini, inayonakili diski mbovu kwa hekima: ikifika mahali palipoharibika haing'ang'anii, inaparuka, inachukua kwanza vilivyo vizima, kisha inarudi kubembeleza vilivyobaki. Mama Tepu alivaa miwani akaitazama inavyofanya kazi.

"Enzi zetu ingekwama pale pale," alisema. "Hii ina adabu."

Nakala ilihitaji saa nyingi. Hapakuwa na la kufanya ila kuvuta subira, na kwa kuwa walikuwa wamekaa kwenye kitanda kimoja kibovu, bega kwa bega, mazungumzo yalianza yenyewe.

"Unajua kazi yangu ya kwanza ilikuwa nini?" aliuliza Mama Tepu. "Mimi ndiye niliyekuwa mfumo endeshi."

Fundi akacheka.

"Usicheke. Nina miaka kumi na tisa, ofisi ya takwimu, mashine imejaa chumba kizima. Watu wanaleta kazi zao kwenye kadi za kutoboa, kila kazi bunda lake. Mimi napanga nani aanze nani afuate, natia kadi, nafunga tepu, natoa majibu, nampa mwenyewe. Kazi moja ikiisha, mashine inakaa bubu inanisubiri. Nikienda chooni, mashine ya pesa chungu nzima imekaa bure. Ndipo wakaleta programu ya kupanga foleni yenyewe. Siku hiyo nililia. Nilijua nimefutwa kazi na kitu kisicho na miguu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaomba kitabu chake. Kurasa mia sita. Nikakisoma chote. Baada ya mwaka, programu ile ikiharibika nilikuwa naitwa mimi."

Alieleza jinsi mashine zilivyojifunza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja: watu kumi na wawili mbele ya vioo, kila mmoja anaamini mashine ni yake peke yake, kumbe inawazungukia mmoja mmoja kama muuguzi wa zamu, ila kwa kasi isiyoonekana. Na kwa kuwa sasa watu walikaa pamoja, ikabidi kila mmoja awe na jina lake, nenosiri lake, na mipaka ya faili anazoruhusiwa kuzisoma.

"Halafu zikaja zile ndogo za mezani," aliendelea. "Hazina kufuli hata moja! Aliyekalia kiti ndiye mfalme. Karani mmoja alifuta mishahara ya idara nzima akitafuta mchezo wa karata. Yale tuliyoyajua tangu zamani, ilibidi yajifunzwe upya, kwa machozi. Baadaye ndiyo mkazaliwa nyinyi wa madirisha na kipanya, mkadhani dunia imeanza hapo."

"Tulidhani, Mama. Kweli kabisa."

Walicheka wote, na Fundi akatambua kwamba hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akicheka kwa sauti hiyo.

Kesho yake asubuhi nakala ilikuwa imekamilika, isipokuwa vipande vichache vilivyokufa kabisa. Mama Tepu alidhani sasa watatafuta diski nyingine ya zamani wairudishe kwenye lile jokofu. Fundi alikuwa na njia nyingine. Alimpandisha juu chumba cha kompyuta, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akatengeneza ndani ya seva mpya, ile kompyuta kuu ya hospitali, mashine ya kuigiza, isiyo na chuma wala waya, akaipa ile nakala.

"Tazama hapa."

Katikati ya kioo kikubwa kikafunguka kidirisha cheusi, na mistari myeupe ikaanza kushuka.

Mama Tepu alishika kifua. "Si ndiyo yenyewe! Iko wapi?"

"Humo humo ndani. Mfumo wa zamani unadhani bado upo stoo kwenye chuma chake. Na hapa tukiharibu, tunaifuta, tunaanza upya. Nakala tunazo tatu."

"Tatu," Mama Tepu alirudia, ameridhika. "Haya, pisha."

Vidole vyake, vilivyopinda kidogo kwa baridi yabisi, vilitua kwenye kibodi. Aliianzisha mashine upya, akaikatiza katikati ya kuamka, kabla haijafika mahali pa kuuliza nenosiri. Akaiagiza iamke nusu tu: kiini chake na mahali pa kuandikia amri, basi. Alikosea amri ya kwanza. Akanong'ona peke yake, akafumba macho, akaiandika tena. Ikakubali.

"Sasa itengeneze diski. Swali lolote ikiuliza, tusome kabla ya kujibu."

Walisoma maswali ishirini na matatu, moja moja. Kisha akaweka nenosiri jipya, akaiacha iamke kikamilifu. Ikauliza jina, ikauliza nenosiri, ikafungua mlango.

Orodha ilikuwepo. Baadhi ya mistari iliharibika, lakini mingi ilikuwa mizima. Walipoitafuta ile aina ya damu, yakatoka majina manne.

Mkuu wa benki ya damu alianza kupiga simu pale pale, wote wamemzunguka. Namba ya kwanza haikuwepo tena. Ya pili ikapokelewa na mtu aliyesema mwenyewe alishafariki. Ya tatu iliita mpaka ikakata. Ya nne ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti nzito, nyuma yake msumeno unanguruma.

"Benki ya damu?" alisema. "Kwani bado mpo? Mimi nilidhani mmenisahau. Nakuja na dada yangu, naye damu yake ni hiyo hiyo, mlimpima siku moja na mimi. Kama mmempigia hakupokea, simu yake kaiweka mbali kama kawaida yake."

Wachomelea vyuma wawili, kaka na dada, walifika Jumatano saa nne asubuhi, nguo zimetobolewa na cheche. Walipimwa, wakalala kwenye vitanda viwili vilivyopakana, wakabishana kwa furaha nani chupa yake imejaa kwanza.

Ijumaa mwalimu alifanyiwa upasuaji. Alitumia chupa moja. Ya pili ilibaki. Alijifungua binti mwenye mapafu yenye nguvu, kwa maana kilio chake kilisikika hadi korido ya pili.

Wiki iliyofuata Fundi alihamisha orodha yote kwenye mfumo mpya, mstari kwa mstari, Mama Tepu akiwa kando anamwambia kila alama ina maana gani. Mganga mkuu alipita, akamsalimia mzee kwa heshima, akamwomba awe anakuja mara mbili kwa wiki kuwafundisha vijana wa idara.

"Nitafikiri," alisema Mama Tepu, kisha mganga alipogeuka tu akamnong'oneza mkwewe, "Nifungulie akaunti."

"Ya msimamizi, Mama?"

"Nani kakuambia? Nisipewe ruhusa nisizozihitaji. Ya kawaida. Nikitaka zaidi, nitakuomba."

Fundi akaandika jina lake, akamsogezea kibodi, akageuza uso upande wa dirisha ili mama mkwe wake achague nenosiri bila kutazamwa.