Aliyekabwa Haguswi

Jinamizi lilimzoea Mwokaji kama paka anavyozoea jiko. Lilianza kumtembelea akiwa bado mwanafunzi, na alipopata kazi ya kuoka mikate, kazi ya kuamka watu wakiwa usingizini na kulala watu wakiwa kazini, likaona sasa limepata mtu wake. Lilimjia alasiri. Anakuwa amelala chali chumbani kwake, unga ungali kwenye nywele, mara macho yanafunguka lakini mwili hautii. Anaiona dari. Anaisikia cherehani ya dada yake chumba cha pili, anasikia hata watu wanaotukanana barabarani. Anajaribu kutikisa kidole, kidole kimoja tu, hakitikisiki. Kisha kitu kinapanda kitandani upande wa miguuni, taratibu, hakina haraka, na kuja kumkalia kifuani.

Zahanati walimwambia ni ubongo umeamka kabla ya mwili, apumzike vya kutosha, asilale chali. Aliitikia kwa adabu, akarudi nyumbani. Hao hawajawahi kukaliwa.

Mama yake alikuwa na maelezo mengine, na katika nyumba ile maelezo ya mama ndiyo yaliyokuwa sheria. Kile kitu, alisema, ni roho isiyo na pa kukaa. Aliyekabwa haguswi, maana ukimgusa linakuhamia wewe, na likishahama halitoki tena. Basi kila alipomkuta mwanawe amekodoa macho, pumzi zikimkwama, mama alivuta kigoda, akakaa mbali kidogo na kitanda, akafumbata mikono mapajani na kusali kwa sauti mpaka mtoto akarudi.

Mwokaji alisikia kila neno la sala zile. Hakuwahi kumwambia mama kwamba muda wote huo alikuwa akimlilia moyoni: niguse. Niguse tu, mama, hata kwa ncha ya kidole. Alikuwa na hakika kwamba mguso mmoja ungemtoa. Na kwa kuwa mguso haukuja, kinyongo kiliota ndani yake, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mama anajipenda, aliwaza. Anaogopa lisimhamie yeye. Halafu alipoamka alipewa chai, akasema asante mama, kama mtoto mwema.

Siku moja alirudi kutoka kazini na mikate ya moto kwapani, akamkuta dada yake amesimama mlangoni pa chumba cha mama, tepu ya kupimia nguo ingali shingoni, analia.

"Njoo umwone mama. Namwita, haitiki."

Mama alikuwa amelala chali, macho wazi. Pumzi zilikuwa nzito, zikikwama njiani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Macho yalihama kutoka darini, yakamwangukia mwanawe, yakabaki hapo.

Mwokaji akayatambua. Nani angeyatambua kama si yeye? Aliwahi kutazama kwa macho kama yale mara nyingi mno.

"Usimguse!" alisema, maana dada alikuwa tayari amenyoosha mikono.

"Nisimguse vipi? Nimeshamwita Breki, tumpeleke hospitali."

Breki alikuwa jirani yao, dereva wa teksi, aliyepewa jina hilo kwa sababu gari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa hizo.

"Amekabwa, Dada. Linapita hili. Tusali."

"Mdogo wangu, hebu uangalie huo mdomo."

"Na wangu unakuwaje? Mimi nikikabwa unadhani nacheka? Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Hiki nakilalia mimi."

Dada akashusha mikono. Ndivyo walivyozoea: mambo ya nguo aliulizwa dada, mambo ya jinamizi hakuna aliyembishia Mwokaji. Breki akaingia na funguo mkononi.

"Jamani, tunabeba au hatubebi?"

"Subiri kidogo, kaka," Mwokaji akasema.

Na Breki, mtu asiyewahi kumsubiri hata mbuzi avuke barabara, siku hiyo akasubiri.

Mwokaji akavuta kigoda cha mama, akakaa mbali kidogo na kitanda, kama mama alivyozoea kumkalia yeye, akaanza kusali. Hapa ndipo pabaya pa hadithi hii, nami sitapazunguka. Yeye alijua. Hata kama lingekuwa jinamizi kweli, katika watu wote chini ya jua yeye ndiye aliyejua mtu anayelala vile anaomba nini. Mkono wake ulikwenda mpaka ukingoni mwa shuka. Ukarudi. Alijiambia kwamba anaheshimu sheria ya mama. Uongo mtupu. Alikuwa ameonja uzito ule kifuani miaka nenda miaka rudi, na wazo kwamba ungeweza kumkalia moja kwa moja lilimtoa jasho. Aliogopa, basi. Aliogopa vilevile alivyomlaumu mama yake kuogopa.

Mikate ikapoa mezani. Dada akauliza tena, na tena, na kila mara akajibiwa bado. Jua lilikuwa limehama dirishani dada alipoona mate yakimchuruzika mama shavuni na shuka likilowa chini yake.

"Jinamizi gani hili lisilochoka?" akasema, akamsukuma ndugu yake kwa bega, akapitisha mikono chini ya mgongo wa mama na kumnyanyua. Breki akashika miguu. Hakuna kilichomhamia mtu yeyote.

Kiharusi, alisema daktari. Akauliza kilianza lini. Dada akamtazama mdogo wake, akamwacha ajibu mwenyewe. Mwokaji akajibu. Daktari akaacha kuandika.

"Mmekaa naye nyumbani muda wote huo? Mngemleta palepale..." Hakuimalizia kauli yake.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Ya Mwokaji hayakungoja. Yalimkuta papo hapo kwenye benchi la korido.

Mama alirudi nyumbani nusu ya mwili ikiwa imekufa na ulimi mzito, maneno yakimtoka kama uji unaotokota. Mwokaji aliacha kazi ya tanuri akawa muuguzi wake. Alimlisha, akamgeuza, akamwosha. Alimgusa kutwa nzima, kana kwamba miguso ingeweza kulipwa kwa kuchelewa. Kwa kukaa naye hivyo akawa mtu pekee anayeelewa usemi wake. Dada hakumgombeza. Heri angemgombeza, alimsemesha habari za sabuni na maji tu, basi.

Asubuhi moja Breki na mkewe walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mama alipowaona wamekaa, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, machozi yakimtoka jicho moja, na kila mtu akasikiliza kwa heshima bila kuambulia kitu.

"Anasemaje?" dada akauliza.

Mwokaji alikuwa ameelewa yote. Mama alikuwa amesema: "Siku ile nilisikia kila kitu. Nilipoona mkono wako unanijia niliogopa mno. Nikamwomba Mungu, mwanangu asiniguse, lisimhamie, ameteseka vya kutosha. Nawe ukanisikia, mwanangu, ukaurudisha mkono. Waambie. Waambie nilizaa mtoto mwenye akili."

"Nauliza, mama anasemaje?"

"Anataka maji," akasema Mwokaji.

Dada akainuka kwenda kuleta maji. Mama akatikisa kichwa, hapana, hapana, akamshika mwanawe kwa ule mkono wake mzima, akaanza kumwambia upya, polepole zaidi, ili safari hii aelewe.