Kiti cha Karani Aliyesahau

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza. Kama kuna uongo humu, meno yangu yaliyobaki yang'oke yote, ninywe uji mpaka nizikwe.

Mimi ni Kiprugut, fundi wa mashine, mstaafu. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye meza ya magazeti, maktaba ya hapa Nakuru. Pale wazee tuna desturi yetu: gazeti likifika tunalitenganisha kurasa, kila mtu anashika zake, halafu tunabadilishana. Mimi mpira. Mke wangu Zeddy, kushoto kwangu, matangazo ya vifo. "Huyu si tulimjua?" alikuwa akisema, akinigusa kwa kiwiko.

Zeddy alifariki mvua zilipoanza. Sikulia. Baada ya mazishi nilirudi maktabani, nikatundika sweta yake ya kijani kwenye kiti chake, nikakaa changu. Ukurasa wa vifo sasa ulinifikia mimi. Niliutazama asubuhi nzima, na ungeniuliza nimesoma nini, singejua.

Halafu mitihani ikakaribia. Vijana wakajaa mpaka sakafuni, na kila mmoja swali lake ni lile lile: "Mzee, hapa kuna mtu?" Nikawa nasema yuko. Lakini nilijua iko siku mmoja wao angenijibu hayuko. Nikaona afadhali kiti nikipe historia.

"Hiki," niliwaambia, "kililetwa na treni ya kwanza, maktaba yenyewe ikiwa bado sanduku la vitabu mgongoni mwa punda. Karani mmoja akakikalia, akasoma bila kusimama mpaka flamingo wakadhani ni jiwe, wakatua mabegani mwake. Kuinuka, amesahau yote, hata jina lake. Tangu hapo, ukikikalia, unachosoma na unachosikia vyote vinapotea."

"Aki mzee, wewe!" walicheka. Lakini nani angecheza na mtihani wake? Kiti kikabaki wazi. Umaima, msichana wa mtaa wa Bondeni anayesomea unesi, alirudi kuketi sakafuni, mgongo kwenye rafu ya ramani, akinitazama tu.

Jumamosi moja wakaletwa watoto wa shule kutembezwa. Jepleting, mkutubi wetu, akaniita.

"Mzee, wewe umekaa hapa miaka mingi kuliko hizi rafu. Waambie maktaba ilianzaje."

Nikasimama, nikaipa meza mgongo, nikawaambia. Punda alitoka Kariandusi, mweupe pepepe kwa vumbi la machimbo, mpaka mji mzima ukakimbia ukidhani ni mzimu. Aliyebaki ni karani peke yake, kwa sababu alikuwa anamalizia sura. Nikawaonyesha kiti bila kugeuka, nikawapa na treni, na flamingo, na laana yake.

"Na mtu akikikalia na asisahau?" aliuliza msichana mmoja wa mbele.

"Basi nitakuwa mwongo, na kila Jumamosi nitakaa kwenye vile viti vyenu vidogo niwasomee hadithi."

Watoto wakaanza kucheka, macho yao nyuma yangu. Nikageuka. Umaima alikuwa amekaa kwenye kiti cha Zeddy.

"Toka hapo, mama! Utasahau!"

"Nimekaa tangu kwa punda, babu. Niulize."

Sikutaka kuuliza. Msichana wa mbele akauliza badala yangu: "Punda alitoka wapi?"

"Leo Kariandusi. Wiki jana alitoka Kamere, na alikuwa ngamia. Karani leo ametuliwa na flamingo, Jumanne ilikuwa korongo. Na hiyo treni ya kwanza, babu, uliniambia wewe mwenyewe ulishuka nayo ukiwa na mkoba."

Hata Jepleting aliziba mdomo. Umaima akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie:

"Najua ni cha nyanya Zeddy. Alikuwa ananiwekea ukurasa wa nafasi za kazi kabla nyinyi wazee hamjaukunjakunja. Sweta sitaigusa. Ni mgongo tu unaniuma, babu."

Nilingoja kitu kiniume kifuani. Hakuna kilichouma. Nikasikia feni, nikasikia pikipiki huko barabarani.

"Kaa," nikasema.

"Babu, lipa! Babu, lipa!" watoto wakaimba, na tayari kiti kidogo chekundu kilikuwa kinaburutwa kuja kwangu. Nikakaa, magoti karibu na masikio. Jepleting akanipa kitabu cha picha cha kiboko anayeogopa maji. Nikasoma ukurasa wa kwanza.

"Kiboko alisema nini?" mmoja alinipima.

Nikamjibu. Nilikuwa nakumbuka.

Sasa kila Jumamosi niko huko kwenye viti vidogo. Sweta bado imetundikwa pale pale, Umaima ameiegemea na madaftari yake. Na jino langu moja, la mbele, limeanza kutikisika.