Mhimili wa Mtambo wa Pili

Saa mbili asubuhi Khemais alifunga valvu ya mvuke kwa mkono wake mwenyewe, na mtambo wa pili, wa mwisho kufanya kazi katika kituo kile cha umeme cha pwani ya Tunisia, ukaanza kupunguza mwendo. Alikuja pale akiwa na miaka ishirini, enzi za meli zilizoleta mafuta mazito ya kuchoma. Baadaye likaja bomba la gesi kutoka Algeria. Juzijuzi mapanga ya umeme wa upepo yakaota vilimani, na paneli za jua zikatandazwa kusini. Kila kilichokuja kilimkuta yuko zamu.

Barua ya wakubwa ilisema wapimaji watakuja kesho. Mhimili ukiwa umenyooka, mtambo utawekwa akiba kwa miezi ya joto, watu wanapowasha viyoyozi. Ukiwa umepinda, ni chuma chakavu.

Mhimili wenye moto hauachwi ukasimama. Upande wa chini hupoa kwanza, wa juu hubaki na moto, chuma kikapinda. Sharti uzungushwe polepole mpaka upoe wote, kazi ya siku nzima na zaidi. Kazi hiyo hufanywa na mota ndogo, na mota yenyewe iliungua saa nne.

Khemais akachukua mtaimbo.

"Ami, kweli?" aliuliza Hattab, fundi mwenzake, ambaye alikwisha kupewa kazi mpya kwenye mapanga ya upepo. "Tani thelathini hizi?"

"Kuna giya. Shika huku."

Kila dakika kumi wakausukuma nusu mzunguko. Saa saba walikula supu ya lablabi wamesimama, dengu zenyewe zimepoa, harisa ya pilipili imeganda juu.

"Kule kwangu hakuna anayekoroga chuma kama uji," alisema Hattab. "Unakaa kivulini, Mungu anapuliza."

"Na asipopuliza?"

"Unalala."

"Na mji mzima unalala gizani. Haya, sukuma."

Saa tisa simu ililia. Alikuwa mhandisi Ines, akiongea taratibu kama mtu aliyepiga simu msibani.

"Ami Khemais, wapimaji hawaji. Uamuzi ulipitishwa tangu jana. Wakata chuma wataingia Jumatatu."

"Tangu jana?"

"Nami nimeambiwa sasa hivi, ami. Nisamehe. Nendeni mkapumzike."

Alirudisha simu mahali pake. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu, mabega yakamshuka, na papo hapo akaona haya kwa nafuu ile. Akavuta kiti.

Hattab alitazama saa ya ukutani, akainua mtaimbo. "Dakika kumi zimefika."

"Kaa."

"Wakighairi je?"

"Kaa, Hattab. Nawajua hawa."

"Umenivunja mgongo tangu asubuhi, sasa unaniambia nikae?"

Khemais alivua viatu, akajikanda nyayo. Dakika kumi zikapita, kisha nyingine kumi. Mtambo haukutoa hata mlio. Ulikuwa unatoa joto tu, kama ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa.

Ilipotimia saa kumi Hattab hakuvumilia. Alichomeka mtaimbo, akaulalia kwa kifua chote, mishipa ya shingo ikamtoka. Mhimili haukusogea.

"Umekwama. Umeshapinda," alisema.

"Najua," alijibu Khemais, akaanza kuvaa viatu, akishukuru kimoyomoyo kwamba aliyejaribu hakuwa yeye.