Dawa ya Kweli

Ngumi ilimwangusha Kiza juu ya meza yake ya dawa, vidonge vikatapakaa mavumbini katika soko la base ya jeshi. Likoke, askari aliyemtunza farasi wa komanda, akamkaba koo.

"Uliniuzisha dawa ya uongo! Farasi imekufa!"

Siku chache kabla, farasi alikuwa amejikata mguu kwa seng'enge. Likoke akafanya vile wanavyofanya nyumbani kwake: akapasua vidonge vya tetra, dawa ya kuua vijidudu aliyoinunua kwa Kiza, unga mwingine akaunyunyiza kwenye kidonda, mwingine akauchanganya na pumba. Kidonda kikakauka, lakini farasi akaanza kuharisha maji yenye kunuka mzoga. Kwao mtoto akiharisha hupewa tetra, basi Likoke akaongeza. Farasi alipogoma kuila, Likoke alimchapa mkanda wa chuma usoni, akamfunga kichwa kwenye nguzo, akamshindilia dawa kooni kwa chupa. Asubuhi hii mnyama alijibwaga chini, akapiga ukuta kwa kwato mpaka matofali yakapasuka, akatokwa damu nyuma, akafa macho wazi.

"Nilikuuliza dawa iko ya nani," Kiza alisema kwa shida. "Ukasema ya mutoto."

Likoke akamvunja jino.

Kiza akatema damu. "Baba yangu alikuwaka na punda, shefu. Mu tumbo yabo, sawa mu ya farasi, muko tududu tunasaidia kusaga majani. Tetra inatuua tote. Weye njo uliongeza."

Likoke akainua ngumi tena.

"Piga tu. Kama ningekuuzisha ya uongo, farasi yako ingekuwa inakula majani saa hii."