Chupa Tisini za Zuurakan

Zuurakan alikuwa na kiburi cha chupa, na katika kijiji chao cha bonde la Talas hakuna aliyethubutu kumgusa hapo. Kila mwaka mavuno yakiisha alikaanga biringanya na pilipili hoho, akazishindilia kwenye chupa za kioo na kuzifunga kwa vifuniko vya bati. Siki hakutia, maana marehemu mumewe alichukia uchachu. Badala yake alidondosha vidonge viwili vya aspirini kila chupa, kama alivyofanya mama yake, na kama wafanyavyo nusu ya wanawake wa kijiji mpaka leo. Mwaka huu alifunga chupa tisini, zote za harusi ya mjukuu wake Ayperi, na harusi ilibakiza siku nne.

Ndipo akaja Nurzada, daktari wa afya wa wilaya aliyekulia kijijini hapo, anapita nyumba hadi nyumba. Ng'ambo ya mto watu watano wa familia moja walikuwa wamelazwa, hawawezi hata kumeza mate, kisa saladi ya chupa. Nurzada alivua viatu, akamega mkate kidogo kama mgeni yeyote mwenye adabu. Zuurakan akafungua chupa moja, akamsogezea. Daktari hakuigusa.

"Mama, nakuomba chupa hizi zisifike mezani siku ya harusi."

"Kumbe umekuja kunitukana nyumbani kwangu? Wewe niliyekulisha hizi hizi tangu huna meno?"

"Umenilisha, mama. Sikatai."

"Haya, nusa. Inanuka? Kifuniko kilivimba? Huoni mafuta yake yalivyo safi?"

"Naona. Hata ya ng'ambo ya mto yalikuwa safi."

Damu ikamchemka Zuurakan. Akachota kijiko kikajaa, akakipeleka mdomoni ili amwoneshe huyu mtoto wa juzi nani ni nani. Nurzada akamdaka mkono. Biringanya zikaangukia zulia.

"Nipe chupa hii hii, na siku mbili," alisema daktari, akihema. "Ikiwa salama, nitaimaliza yote mbele ya wageni wako, nikuombe radhi kwa kipaza sauti."

"Beba. Na siku hiyo uje na njaa."

Siku ya tatu Zuurakan akaitwa maabara ya wilaya. Alivaa kitambaa chake cheupe cha sherehe, maana alikwenda kuombwa radhi. Nurzada alimwelekeza kwenye vizimba viwili, kila kimoja na panya mweupe.

"Wote nimewadunga maji ya chupa yako. Huyu wa kulia, baada ya kuyachemsha dakika kumi. Wa kushoto, kama yalivyo."

Wa kulia alikuwa anajisafisha masharubu. Wa kushoto alilala ubavu, kiuno kimebonyea kama cha nyigu, anatafuta pumzi na haipati. Macho yalikuwa wazi. Zuurakan akainama mpaka pua ikakaribia waya. Alikuwa amezika watu, amezalisha kondoo kwenye theluji, lakini kitu kikubwa namna hii, kisicho na rangi wala harufu, hakuwahi kukutana nacho.

"Kimeingiaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mbegu zake zimo kwenye udongo wa shamba. Kuchemsha huharibu sumu, lakini mbegu zenyewe hazifi kwenye sufuria. Ukishafunga, hewa hakuna, siki hakuna, zinaamka na kutoa sumu."

"Na aspirini?"

"Aspirini ni ya kichwa, mama."

"Basi nitazichemsha zote."

"Wageni mia tatu. Utasimamia kila sufuria, kila kijiko? Sijui ngapi zina sumu. Na wewe hujui. Hapo ndipo ninapoogopa."

"Kama ningemeza kile kijiko siku ile, ingekuwaje?"

"Ungeanza kuona vitu viwili viwili. Kisha ulimi ungekuwa mzito, kisha pumzi. Akili ingebaki timamu muda wote."

Akayatazama tena yale macho ya panya.

Chupa themanini na tisa zilitolewa stoo siku hiyo hiyo ili zikazikwe. Watu wa Nurzada walitaka kuzibeba wenyewe, akawakatalia, akawakabidhi moja moja kwa mkono wake.

Harusini nyama ilikuwa tele, nyanya na matango yamekatwa asubuhi ile. Shangazi wa bwana harusi hakuweza kujizuia. "Zuurakan, biringanya umewaficha wakwe? Au unazila usiku peke yako?"

Watu wakacheka. Zuurakan akasimama, akaomba kipaza sauti.

"Zimezikwa," alisema. "Moja ilipimwa, ikakutwa na kifo. Zile zingine sijui. Miaka thelathini nimewalisha hivyo hivyo, mkanisifu, nami nikavimba kichwa. Haukuwa uhodari wangu. Ilikuwa bahati."

Akaitazama meza ndefu, wakwe, majirani, Ayperi na shela yake, watoto waliokwisha kusahau alichosema na kurudia nyama. Karibu wote walikuwa wamekula mkononi mwake. Akakaa, akaanza kuwahesabu mmoja mmoja, na kila aliyemfikia alikuwa anapumua.