Saa Iliyokaa Matanga

Peris ana kipawa, hilo nalisema hata kama hasira yangu juu yake haijaisha. Tunagawana chumba kimoja cha biashara hapa Voi, upande wa Mwakingali. Mimi, Wanza, niko karibu na mlango na cherehani yangu kwa sababu nahitaji mwanga. Yeye yuko upande wa ndani na takataka zake. Mimi naziita takataka, wanunuzi wanaziita sanaa, na kwa vile wao ndio wanaofungua pochi, nimejifunza kunyamaza.

Kazi yenyewe ni hivi. Anachukua saa za mkono zilizokufa, magurudumu madogo ya shaba, funguo za makufuli yaliyopotea zamani, vipande vya lesi kutoka kwenye makapi yangu, na karatasi alizozichovya kwenye chai ya rangi mpaka zikaonekana zimelala kabatini tangu enzi za mkoloni. Anavipanga ubaoni, anavigandisha kwa ile gundi ya kuchanganya tubu mbili, anapaka rangi ya shaba iliyochakaa, na ukirudi nyuma hatua kidogo unaona treni, au ndege, au uso wa mtu mwenye saa mahali pa jicho. Mtindo huo una jina lake la Kizungu. Nililijaribu siku moja, Peris akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo mimi nasema tu mambo ya kale.

Alikuwa na sharti moja ambalo lilinifanya nimheshimu. Hagusi saa inayotembea. Mtu akimletea saa, anaiweka sikioni, anaitikisa, anasikiliza. Ikiwa kimya, ni yake. Ikilia hata kidogo, anamrudishia mwenyewe na kumwambia aende akaivae. "Mimi nazika tu, siui," ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa, mwaka huu loji moja ya watalii, huko njia ya mbugani, ikamwagiza kazi kubwa ya kutundika mapokezi. Walitaka ndege mwenye mabawa wazi, na nyuma yake saa kubwa. Peris hakulala vizuri kwa furaha. Shida ilikuwa saa. Alikuwa na debe zima la saa za mkono lakini hakuwa na saa kubwa hata moja, na hapo ndipo akaikumbuka ile ya shangazi yake wa Chawia.

Shangazi Teresia ni dada wa babake. Mumewe, mzee Mwandawiro, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na alipostaafu walimuaga kwa saa ya ukutani: ya mbao, yenye mlango wa kioo na chuma cha kubembea ndani. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani aliitia ufunguo mwenyewe, na hakuna mwingine aliyethubutu. Halafu mtoto wa jicho akaanza kumla shangazi macho, na ile saa ikawa ndiyo inayomwongoza. Ikigonga, anajua ni wakati wa kuinjika maharagwe, au wa kuingiza kuku. Mzee alifariki mwanzoni mwa mwaka, na saa nayo ikanyamaza.

Peris alipanda Chawia na sukari na sabuni, akakuta shangazi amepelekwa kliniki ya macho. Nyumbani alikuwako Crispus, mwana wa shangazi, anayefanya kazi Mombasa na alikuwa likizoni. Peris akamuuliza kuhusu saa.

"Chukua tu," Crispus akamwambia. "Hiyo imekufa tangu mzee aende. Hapa inakusanya vumbi tu."

Peris akaiweka sikioni. Kimya. Akaifunga kwa leso akashuka nayo.

Nilikuwapo alipoifungua mezani, na heri nisingekuwapo. Nilitazamia kutu na utando wa buibui. Ndani mlikuwa safi kama sufuria ya mwali, na mafuta bado yananukia. Peris alikigusa kwa kidole kile chuma cha kubembea, na saa ikaitikia, tik, tak, tik, tak, mara kadhaa, halafu ikachoka.

"Hiyo iko na uhai," nikamwambia.

"Ni vile nimeisukuma tu, Wanza."

"Ufunguo uko wapi?"

"Crispus hakuuona."

"Basi pigia shangazi umuulize."

Aliitazama simu iliyokuwa karibu na mkono wake. Naapa aliitazama. "Network ya huko juu ni shida," akasema, "na watu wa loji wanakuja wiki ijayo." Kisha akashika koleo.

Sikumzuia kwa mikono, ila maneno niliyatoa yote niliyokuwa nayo. Alifungua kila kitu. Springi kubwa, ule utepe wa chuma unaojikunja kama konokono, ilimrukia ikamkata kidole, na hata hiyo hakuichukua kuwa onyo. Alikifunga kidole kwa kitambaa changu cha satini, akaikata springi vipande vipande, akaipinda, ikawa mkia wa ndege. Magurudumu yakawa mabawa. Uso wa saa akaupaka rangi ya shaba. Na kusema kweli ndege alitoka akapendeza hata mimi nikasimamisha cherehani nikamtazama. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba alipendeza.

Simu ilikuja rangi ikiwa haijakauka. Peris alikuwa na gundi mikononi, akaibonyeza kwa kiwiko iwe ya sauti kubwa, nikasikia yote.

"Mwanangu Peris, Mungu akubariki," shangazi alisema. "Nilirudi kutoka kliniki nikapapasa ukuta, nikakuta patupu. Nililia, sikufichi. Ndipo Crispus akaniambia umeichukua umpelekee fundi aisafishe kwa ajili ya msalaba."

Peris alinitazama. Crispus alikuwa amemdanganya mama yake, tena uongo wa haraka wa mtu aliyeona machozi akaogopa.

Shangazi akaendelea. "Unajua vile kwetu tunafanya. Vitu vya marehemu havitumiwi wala havigawanywi mpaka kaburi lijengewe na msalaba usimamishwe. Koti lake, bakora yake, kiti chake, vyote vimekaa. Nikasema na saa pia ikae na wenzake. Ufunguo ninao hapa kwenye pindo la leso. Jumamosi ukija nayo nitaitia mwenyewe. Nataka niisikie tu, mwanangu. Siku ni ndefu kwa mtu asiyeona jua vizuri."

"Sawa, shangazi," Peris akasema.

Alipokata simu alikaa juu ya debe la saa zake akajishika kichwa. Desturi hiyo aliijua. Tangu utotoni alijua koti la marehemu haliguswi kabla ya msalaba, na lau angelikuta koti pale ukutani asingelisogelea. Lakini ameshinda miaka akitafuta saa zilizokufa, mpaka kila saa iliyo kimya anaiona maiti. Hakuwaza kwamba saa nayo inaweza kukaa matanga. Na Crispus, mtoto wa nyumba ile, aliyeishi Mombasa mpaka mambo ya kwao akayasahau, hakuwaza pia.

"Mpigie sasa hivi umwambie," nikamwambia. "Mwambie umeivunja."

"Jumamosi anaenda kusimama kwa kaburi la bwanake. Nimwambie hivyo leo?"

"Ndiyo. Leo."

"Siwezi, Wanza. Nitaitengeneza."

Alimng'oa yule ndege kutoka ubaoni. Ile gundi haibembelezwi. Magurudumu yalitoka na mbao zimeyashikilia, mengine meno yamekatika, na springi ilikuwa vipande ambavyo hata Mungu angeomba muda. Akaenda kwa Titus, ambaye zamani alikuwa fundi saa pale karibu na soko na siku hizi anabadilisha vioo vya simu. Titus aliviangalia vile vyuma kwenye mfuko wa plastiki, akamuuliza kama saa iligongwa na lori. Alichoweza ni kuweka mashine ndogo ya betri nyuma ya ule uso. Itatembea, akasema, na itatoa mlio wa tik tik, lakini kugonga haitagonga, na ufunguo hautakuwa na kazi.

Peris akakubali. Akausugua uso wa saa mpaka rangi ikatoka, akazichora namba upya kwa brashi nyembamba, akaling'arisha sanduku kwa nta. Mwanamke wa loji, Valentine, alipokuja kuchukua kazi yake, alikuta ubao mtupu wenye makovu ya gundi. Hakugomba. Alisema watatafuta mtu mwingine, akaingia kwenye gari lake. Ile kazi Peris alikuwa ameiota mwaka mzima, na siku hiyo hata hakusimama kumsindikiza.

"Macho yake hayataona tofauti," aliniambia wakati anaifunga saa kwenye leso ileile. Nilimwambia anachokifanya ni kibaya kuliko cha kwanza. Alijibu kwamba anajua. Nikamwonea huruma kwa jibu hilo, nikafunga duka, nikaenda naye.

Ukungu wa Chawia haukuwa umeondoka tulipofika. Kaburi lilikuwa limesakafiwa vizuri na msalaba umesimama, katekista akasali, tukaimba, watu wakalia kidogo kwa adabu. Baadaye tukakaa sebuleni na uani kungoja nyama na kimanga, ule mseto wa Kitaita wa mihogo na maharagwe. Kabla ya chakula, vitu vya mzee vikatolewa. Shangazi Teresia alisimama katikati, mwembamba, leso imefungwa kifuani, akawa anavishika kimoja kimoja na kukitaja. Koti likaenda kwa Crispus. Crispus alilipokea akiangalia sakafu, na nilifurahi kuona hivyo. Bakora ikaenda kwa mdogo wa marehemu. Kiti kikaenda kwa jirani aliyekuwa akicheza naye drafti.

Ikabaki saa. Peris mwenyewe alikuwa ameitundika asubuhi mahali pake, na ilikuwa inalia tik tik bila makosa.

"Saa hii," shangazi akasema, "mzee aliisemea mwenyewe kabla hajafa. Alisema ni ya Peris. Katika watoto wote wa ukoo huu, yeye ndiye anayependa vitu vya zamani, na atajua kuitunza."

Watu wakapiga makofi. Niliutazama uso wa Peris na sikuweza kuendelea kuutazama.

"Lakini kabla hajaichukua," shangazi akasema, "niitie ufunguo, niisikie mara moja ikigonga nyumbani kwake. Halafu iende."

Akafungua fundo la leso akatoa ufunguo. Akapapasa mlango wa kioo, akaufungua, akautafuta uso wa saa kwa vidole, taratibu, namba moja baada ya nyingine, mpaka akapata tundu. Akaingiza. Akazungusha. Kila mtu alinyamaza kumheshimu. Ufunguo ulizunguka mle ndani bila kushika kitu, kama kijiko kwenye kikombe kitupu, na pale nilipokaa nilisikia jinsi ulivyokwaruza mbao. Akazungusha tena. Akangoja, kichwa amekiinamisha upande, akazungusha tena. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba mzee alikuwa akizungusha mpaka mkono unakataa.

Shangazi alisimamisha mkono. Akaupapasa uso wa saa kwa viganja vyote viwili, mahali ambapo rangi mpya ilikuwa na mikwaruzo ya msasa.

"Imekaza," akasema.

Akafunga mlango wa kioo, akawageukia watu, akawaambia kwamba fundi amefanya kazi nzuri na chakula kiko tayari. Saa ikawa inalia tik tik. Watu wakainuka, wakaanza kuongea wote pamoja, na hakuna aliyengoja kusikia kama itagonga.

Peris alimfuata jikoni, na mimi nikamfuata Peris. Shangazi alikuwa ameinamia karai la sahani.

"Shangazi, ile saa..." Alianza kulia kweli sasa, bila adabu, mabega yakimtikisika.

"Macho ndiyo yamechoka, Peris," shangazi akasema bila kumwinulia uso. "Mikono bado."

"Nisamehe."

"Ilikuwa yako. Ungengoja tu Jumamosi ifike, ingekuwa yako nzima, na mimi ningekuwa nimeisikia." Alifuta sahani moja, akaiweka, akafuta nyingine. "Sasa pangusa uso. Leo ni siku ya mzee, sitaki watu wake waone aibu katika nyumba yake. Beba hizi, wageni wana njaa."

Peris akapangusa uso kwa pindo la gauni nililomshonea. Akazibeba sahani, akatoka nazo, akaanza kuwagawia watu kimanga, na kila aliyempa alimshika mkono, akamshukuru kwa kumtengenezea shangazi yake saa.